Ligi Ndogo Chini ya Mlima Mkubwa
Msimu wa kandanda wa daraja la chini katika Kasese na Bwera

Wapenzi wa kandanda katika Uganda huzitaja timu za Kampala kama watu wanaotaja majina ya wajomba zao. Express, SC Villa na KCCA hazihitaji kuelezwa kwa mtu. Lakini chini ya Ligi Kuu ipo ngazi ndefu ambayo wachache huitazama: kwanza Ligi Kubwa, kisha ligi za kanda, na chini zaidi ligi za wilaya, ambazo matokeo yake hayafiki redioni na ambazo viwanja vyake, mara nyingi, havina ukuta wala tiketi. Huko ndiko wanakocheza vijana wengi wa Kasese na Bwera, na huko ndiko timu mpya inayotaka kupanda sharti ianze.

Kasese ni mji wa tambarare na wa joto, uliolala miguuni pa Milima ya Rwenzori. Kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, kina theluji mwaka mzima, ingawa mstari wa Ikweta hukata barabara kusini mwa mji huo huo. Mwenye safari ya Bwera hushika barabara ya kusini mpaka Kikorongo, kisha huchepuka kuelekea magharibi, na safari yote haipungui kilomita 50. Bwera iko mwisho wa nchi. Mbele yake kidogo kuna Mpondwe, penye kituo cha forodha na soko kubwa. Kisha Mto Lhubiriha. Na ng'ambo ya mto ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule husikilizana lugha, na wasiosikilizana kwa lugha ya nyumbani hukutana katika Kiswahili, kile cha kambini, cha mgodini na cha sokoni. Refa wa Bwera hana haja ya mkalimani.

MSIMU HUANZIA MEZANI

Watu hudhani kwamba msimu huanza siku kipyenga cha kwanza kinapolia. Sivyo. Msimu huanza juu ya meza ya katibu wa timu, naye mara nyingi ni mwalimu wa shule au mfanya biashara ya kahawa, ambaye jioni hukaa na rundo la picha ndogo, nakala za vyeti vya kuzaliwa na fomu za usajili. Kila mchezaji sharti asajiliwe, na kila jina sharti lilingane na uso. Timu ikimchezesha mtu ambaye hakusajiliwa, au aliyesajiliwa kwa jina la nduguye, ushindi wake waweza kufutwa mezani baada ya kupatikana uwanjani kwa jasho. Timu nyingi za daraja la chini zimeshuka kwa kalamu bila ya kushindwa kwa mguu.

Katika Bwera jambo hili lina uzito ambao halina katika Masaka au Jinja, kwa sababu ya mpaka. Kijana anayeishi Kasindi huvuka daraja asubuhi kuuza maembe au kusukuma mkokoteni, jioni akaenda uwanjani na wenzake, na usiku akarudi kwao. Anapofunga mabao mawili katika mchezo wa kirafiki, viongozi wa timu hupatwa na tamaa ya kumwandika. Hapo ndipo matatizo huanza, maana mbele ya sheria kijana huyo ni mchezaji wa nchi nyingine. Kongo na Uganda hata kanda zao za mpira ni mbali mbali: Uganda imo katika CECAFA pamoja na nchi za Afrika Mashariki, na Kongo imo katika UNIFFAC pamoja na nchi za Afrika ya Kati. Mito michache ya dunia hii hutenganisha watu wa karibu namna hiyo kwa mbali namna hiyo.

Kanuni za FIFA husema kwamba mchezaji aliyetimiza miaka 10, akitoka chama cha nchi moja kwenda chama cha nchi nyingine, hawezi kusajiliwa bila hati ya kimataifa ya uhamisho. Zaidi ya hayo, aliye chini ya miaka 18 hakatazwi tu kwa ukosefu wa hati. Kwa kawaida amekatazwa kabisa kuhama kimataifa. Marufuku hiyo iliwekwa kwa sababu njema. Mawakala walizoea kuwachukua watoto wa Afrika kwa ahadi za Ulaya, kisha huwatupa katika miji wasiyomjua mtu.

Lakini kanuni hiyo hiyo ina mlango mdogo, nao kana kwamba ulichongwa kwa ajili ya Bwera. Mtoto anayekaa si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani aweza kusajiliwa na timu ya nchi jirani, iwapo timu hiyo nayo iko si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpaka huo. Umbali wa kutoka nyumba yao mpaka makao ya timu usizidi kilomita 100. Lazima aendelee kulala kwao, na vyama vya mpira vya nchi zote mbili vitoe kibali cha wazi. Kasindi na Bwera hazifiki hata sehemu ndogo ya masafa hayo. Basi kijana wa ng'ambo hana haja ya kufichwa, wala kupewa jina la marehemu binamu, wala kuzaliwa upya katika cheti cha uongo. Ana haja ya katibu mwenye subira na ya barua zilizoandikwa mapema, kwa kuwa kibali cha vyama viwili, kimoja makao yake Kampala na kingine Kinshasa, hakipatikani katika juma la mwisho la usajili.

Hasara ya kudanganya huwa kubwa kuliko pointi tatu. Mtoto aliyecheza miaka minne kwa jina la mtu mwingine, siku atakapotazamwa na timu ya juu, hana maisha ya mpira ya kuonyesha. Mabao yote aliyoyafunga ni ya yule aliyemwazima jina. Nao wazazi wanaokubali mchezo huo kwa kumhurumia mwana wao hawajui kwamba wanamfungia njia waliyotaka kumfungulia.

ASKARI NA MPIRA

Historia ya kandanda ya Uganda haiwezi kusimuliwa bila ya watu wenye sare. Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1968, bingwa wa kwanza alikuwa timu ya Magereza, nayo ikarudia mwaka 1969. Simba, timu ya jeshi, ilitwaa ubingwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika, ikashindwa na Hafia ya Conakry kwa mabao 4 kwa 2 na 3 kwa 2. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Uganda kufika hapo. Polisi nao walingoja muda mrefu zaidi, lakini walipata ubingwa wa ligi mwaka 2005, na mwaka 2006 wakalibeba kombe la klabu bingwa za CECAFA katika Dar es Salaam.

Siri ya timu hizo haikuwa uchawi. Mchezaji askari alikuwa na mshahara, alikuwa na mahali pa kulala, alikuwa na mganga karibu, na alipoambiwa kufika mazoezini saa kumi na mbili alfajiri hakufika saa moja. Timu ya raia ya wilayani haina hata moja la hayo. Ndiyo maana pale ambapo timu ya askari imo katika ligi ya chini, wapinzani wake hulalamika kwamba wanacheza na watu walioshiba. Lalamiko hilo lina kweli ndani yake. Hata hivyo timu ya kambi nayo ina udhaifu wake: mlinzi wake wa kati aweza kupata uhamisho siku ya Alhamisi, na Jumamosi akawa Karamoja.

Kasese ilikuwa na nguvu nyingine zamani, nayo ni mgodi. Reli ya kutoka Kampala ilifika mjini mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi huo ukawaita wafanya kazi kutoka pande nyingi. Kampuni ilijenga nyumba, shule na hospitali bondeni. Katika mji wa namna hiyo, saa ya kutoka kazini ni moja kwa wote, na watu wanaotoka kazini saa moja hawakosi kuunda timu. Uchimbaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nazo zikaacha kufika mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo timu za wilaya zimewategemea wafanya biashara, walimu, madiwani, na watu wa bodaboda wanaochanga shilingi wanazozipata.

Lipo jambo jingine ambalo halitajwi katika ratiba ya ligi, nalo lajulikana na kila aliyekuwa Kasese mwezi Novemba 1996, waasi wa ADF walipoishambulia Mpondwe, au mwezi Novemba 2016, mapambano yalipotokea mjini kati ya vikosi vya usalama na walinzi wa jumba la mfalme wa Rwenzururu, na watu zaidi ya mia moja wakapoteza maisha. Baada ya siku kama hizo raia na askari hutazamana kwa macho ya pembeni. Kiwanja cha mpira hakifuti kilichotokea, wala si haki kukitwisha kazi ya baraza la upatanishi. Lakini ni mahali pachache ambapo kijana wa kijijini aweza kumchezea rafu koplo, akaonyeshwa kadi ya njano, akampa mkono, na mambo yakaishia hapo.

BARABARA, MVUA NA WATU SABA

Gharama kubwa ya msimu ni safari. Fulana hununuliwa mara moja, mpira hushonwa, lakini nauli hulipwa kila juma. Timu ya Kasese inayokwenda Bwera hukodi gari dogo la abiria na kujibana ndani yake pamoja na viatu, maji na mwalimu; ikikosa fedha hupanda lori lililobeba mizigo ya mpakani. Wako wanaofika wakiwa wamesimama njia nzima. Tena siku za gulio Mpondwe magari yote yana kazi, na bei hupanda. Mwenye kupanga ratiba ya ligi bila kuitazama kalenda ya soko huwa amekwisha kuamua, bila kujua, ni timu gani itakayofika ikiwa na watu pungufu.

Sheria ya mpira hairuhusu mchezo kuanza ikiwa timu ina wachezaji chini ya saba. Katika Ligi Kuu kifungu hicho hakikumbukwi na mtu. Katika ligi ya wilaya hukumbukwa karibu kila mwezi: refa husimama katikati na saa mkononi, nahodha akihesabu watu wake kwa kidole, na macho ya wote yakiwa barabarani kuitazama pikipiki inayomleta wa saba, ambaye alibaki nyuma kupima kahawa ya baba yake. Akifika, mchezo huchezwa, na timu ya watu saba mara nyingine hutoka sare, kwa maajabu ya golikipa na kwa ubaya wa uwanja.

Uwanja nao ni mchezaji wa kumi na mbili. Goli la kanuni lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, lakini mlingoti wa mkaratusi ukioza chini huzama, na goli hupungua kimo bila azimio la mkutano. Wavu hukopwa shuleni. Mistari huchorwa kwa chokaa kukiwa na fedha, na kwa majivu zisipokuwapo, nayo majivu huondoka na upepo kabla ya mapumziko, ikabaki kazi ya mshika kibendera kukumbuka mstari ulikuwa wapi.

Nchi za baridi zina shida ya namna yake. Estonia, nchi ndogo ya Baltiki yenye watu wapatao milioni moja na laki tatu, ina ngazi ndefu vile vile: chini ya Meistriliiga kuna Esiliiga, kisha Esiliiga B, kisha madaraja mengine ya chini yaliyogawanywa kwa kanda ili kupunguza safari, na wachezaji wake ni mafundi, wanafunzi na makarani. Huko msimu huanza mwezi wa Machi na kwisha Novemba, maana majira ya baridi huvifunga viwanja kwa theluji. Kasese theluji hukaa mlimani, hutazamwa asubuhi mawingu yakifunguka, wala haimzuii mtu kupiga mpira. Kizuizi ni maji. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za kuanzia Agosti hadi Novemba, huteremka katika Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, na mito hiyo ni mifupi, ya mteremko mkali, isiyotoa taarifa. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilivunja kingo zake ikaua watu na kusomba nyumba katika Kilembe. Mei 2020 ilirudi tena, ikaiharibu hata hospitali ya Kilembe. Mto ukipita juu ya kiwanja huacha mawe makubwa kama vyungu, na kuyaondoa ni kazi ya mikono ya kijiji kizima.

Mara nyingine msimu hukatwa na jambo lisilohusu mvua. Mwezi Juni 2019 ugonjwa wa Ebola, uliokuwa ukiwaka katika Kongo ya mashariki tangu Agosti 2018, ulivuka hadi wilaya ya Kasese, na wagonjwa wakapelekwa Bwera. Mikusanyiko mikubwa ikasimamishwa, masoko ya gulio yakiwamo, na watu wakajifunza kusalimiana kwa kuinua kiwiko. Haijapita hata mwaka, Machi 2020, mpira wote wa nchi ukafungwa kwa ajili ya korona. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 magaidi wa ADF waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, karibu na mpaka, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hao walikuwa wa rika lile lile ambalo kila timu ya mpakani husajili. Baada ya usiku huo hakuna mzazi wa Bwera asiyeuliza mazoezi yatakwisha saa ngapi, na viongozi wenye busara humaliza mapema ili kila mtoto awe nyumbani kabla ya giza. Dakika ishirini za mazoezi zinazopotea si hasara.

MPIRA HUPIKWA NYUMBANI

Ligi ya wilaya hutegemea jiko kuliko benki. Mama wa mchezaji ndiye mfadhili mkuu, ingawa jina lake haliandikwi kifuani pa fulana. Katika nyumba za Wakonzo chakula cha nguvu ni obundu, ugali wa unga wa muhogo, pamoja na maharagwe, sombe, au samaki wa Ziwa Edward na Ziwa George. Ni chakula chema kwa mchezaji, mradi kiliwe saa tatu kabla ya mchezo. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumshibisha kijana saa nane ili acheze saa kumi. Tumbo lake litakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili zitafanywa vibaya. Afadhali ale saa saba, na akihisi njaa baadaye apewe ndizi mbivu.

Maji yachemshwe, na kila mchezaji awe na chupa yake. Desturi ya kuzungusha jagi moja kwa watu kumi na wanane ni tamu kwa udugu, lakini ni mbaya kwa afya, hasa katika wilaya ya mpakani ambako kuhara hakukosi majira. Joto la tambarare ya Kasese si la kufanyiwa mzaha: anywe kabla ya kiu, wala si wakati wa mapumziko pekee.

Kifundo cha mguu kikiteguka, wengi hukimbilia maji ya moto na kukanda kwa nguvu. Mambo hayo huongeza uvimbe. Kwa siku mbili za kwanza mguu upumzishwe, uwekewe kitambaa cha maji baridi, ufungwe bendeji isiyokaza mno, na uinuliwe juu ya mto wa kulalia. Asiyeweza kukanyaga kabisa apelekwe hospitali, iwe Bwera, Kagando au Kilembe, wala asipelekwe kwa mkandaji. Na aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, hata kwa dakika moja, asirudishwe uwanjani siku hiyo, ingawa mwenyewe atasema ni mzima na timu ina watu saba tu.

Fulana zifuliwe siku ile ile, kwa maji baridi, zikigeuzwa ndani nje, na zianikwe kivulini ili namba zisibanduke. Tope jekundu likilala usiku mmoja halitoki tena, na timu iliyovaa nyeupe mwezi wa Septemba hujikuta imevaa hudhurungi mwezi wa Aprili.

MCHEZO WA MWISHO

Msimu ukielekea ukingoni, hesabu huwa kali. Atakayeshika nafasi ya juu hutazamia kupanda katika ligi ya kanda, na hapo furaha huchanganyika na hofu. Kupanda maana yake ni safari za wilaya nyingine, malazi ya usiku, na ada kubwa zaidi. Ziko timu ndogo ambazo ubingwa ndio uliozimaliza: zilipanda kwa shangwe, zikakosa nauli katikati ya msimu, zikatoa michezo ya bure, zikaporomoka hadi chini kuliko zilikotoka. Viongozi waangalifu huanza kuchangisha pale wanapokuwa nafasi ya tatu, kabla watu hawajalewa na ushindi, kwa sababu mshabiki hutoa kwa wepesi akiwa na tumaini kuliko akiwa amekwisha kupata.

Siku ya mchezo wa mwisho watu huja mapema na kusimama kando ya mstari, watoto mbele, wazee juu ya viti walivyovibeba kutoka nyumbani, akina mama na vikapu vya karanga na maandazi, na askari polisi wawili watatu ambao wamepangwa kulinda amani lakini nao wana timu yao mioyoni. Kipyenga kikilia, matokeo huandikwa juu ya fomu ya refa, manahodha hutia sahihi, na fomu hiyo ndiyo kumbukumbu pekee iliyoandikwa ya dakika tisini ambazo mji utazibishania hadi mvua nyingine. Jioni hiyo hiyo mweka hazina huhesabu fulana moja moja, kwa kuwa ya namba tisa ina mazoea ya kupotea, huzitia guniani pamoja na mipira miwili na pampu, na kulisukuma gunia chini ya kitanda chake. Katibu yeye huchukua daftari jipya na kuandika juu yake majina ya wavulana wawili wa Kasindi ambao barua zao zapaswa kupelekwa Kampala kabla mwezi haujaisha.